Wabunge wa Goma na kura zao, 1960–2025

Mbunge wa Goma hufanya kazi mbali na waliomchagua. Toka ufuko wa Ziwa Kivu mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na njia ya gari ya kuaminika haipo. Kura anayoipiga huko, swali analomwuliza waziri, kikao anachokikosa au anachokiacha katikati kwa hasira, yote humfikia mpiga kura wa mitaa ya Birere au Himbi kwa redio na simu na, hadi mwanzoni mwa 2025, kwa maneno ya wasafiri walioshuka uwanja wa ndege. Lakini ni katika kumbi hizo za mbali ndiko mambo mazito ya maisha ya mji huu yalikoamuliwa mara kadhaa: nani ni raia, jeshi gani livuke mpaka, jimbo litawaliwe na raia au na jenerali. Historia ya kazi za wabunge wa Goma na Kivu Kaskazini ni historia ya kura hizo. Ni historia pia ya viti vitupu, kwa sababu tangu mwanzo kabisa wabunge wa Kongo wamesema mengi kwa kutokuwapo.

Bunge la kwanza lilitokana na uchaguzi wa Mei 1960. Goma wakati huo haikuwa makao makuu ya jimbo. Kivu yote iliongozwa toka Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville. Wanaume peke yao ndio waliopiga kura. Sheria ya uchaguzi ya 23 Machi 1960 ilikuwa na kifungu kilichoigusa Kivu kuliko pengine popote: wenyeji wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka isiyopungua kumi waliruhusiwa kupiga kura pamoja na Wakongo. Katika Masisi, serikali ya kikoloni ilikuwa imehamishia maelfu ya familia toka Rwanda kuanzia 1937 ili zifanye kazi mashambani na kupunguza msongamano kwao. Katika Rutshuru, jamii zinazosema Kinyarwanda zilikuwapo hata kabla Wazungu hawajachora mpaka. Kifungu kimoja cha sheria kiliwaweka wote hao katika foleni moja ya wapiga kura. Ugomvi uliozaliwa na foleni hiyo ndio uliowashughulisha wabunge wa eneo hili kwa miaka arobaini na zaidi.

Chama kilichoshika Kivu kilikuwa CEREA cha Anicet Kashamura, ambacho kilipata viti 10 kati ya 137 vya Baraza la Wawakilishi. Kashamura aliingia katika serikali ya Patrice Lumumba akiwa waziri wa habari. Kura ya kuiidhinisha serikali hiyo, usiku wa kuamkia 24 Juni 1960, inastahili kutazamwa kwa makini: wabunge 74 walisema ndiyo, mmoja alisema hapana, watano hawakuegemea upande wowote, na 57 hawakuwapo ukumbini. Katika Seneti hali ilikuwa wazi zaidi, 60 kwa 12, na wanane wasioegemea popote. Serikali ya kwanza ya Kongo huru ilipita kwa wingi wa kura tano tu juu ya nusu ya Baraza, na wapinzani wake wengi hawakuandika neno hapana popote. Walikaa nje.

Miezi mitatu haikuisha. Tarehe 5 Septemba Rais Joseph Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba, na Lumumba naye akatangaza kumfukuza rais. Siku mbili baadaye Baraza lilifuta hatua zote mbili kwa kura 60 dhidi ya 19. Seneti ilifuata tarehe 8 kwa kura 41 dhidi ya 2, sita wakijizuia. Tarehe 13 mabaraza mawili yalikutana pamoja na kumpa Lumumba madaraka kamili kwa kura 88 dhidi ya 25, watatu wakijizuia. Jumla ya waliopiga kura ni 116, na mabaraza yote mawili yalikuwa na watu 221. Ndiyo maana wapinzani walibishania akidi. Ubishi huo haukupata nafasi ya kutatuliwa, kwa kuwa kesho yake Kanali Joseph-Désiré Mobutu alitangaza kuwaweka kando wanasiasa wote. Bunge halikukutana tena mpaka Julai 1961, pale wabunge walipofungiwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakatoka na serikali ya Cyrille Adoula tarehe 2 Agosti.

Bunge hilo la Adoula ndilo lililogawa nchi kuwa majimbo madogo madogo, na Agosti 1962 likazaliwa kwa mara ya kwanza jimbo la Kivu Kaskazini. Halikudumu: mwaka 1966 Mobutu aliyaunganisha tena majimbo, na Goma ikarudi chini ya Bukavu. Kabla ya hapo kura moja ya mwisho ya zama hizo ilikuwa imeshapigwa. Tarehe 14 Novemba 1965 mabaraza mawili yalikataa serikali ya Évariste Kimba kwa kura 134 dhidi ya 121. Siku kumi baadaye Mobutu alitwaa nchi, akitaja mvutano huo kuwa sababu. Ingepita miaka mingi kabla mbunge yeyote wa Kongo hajathubutu tena kumwangusha waziri mkuu kwa kura.

Chini ya chama kimoja cha MPR, mbunge alibadilishwa jina na kazi. Aliitwa komisa wa wananchi, naye alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1970 wapiga kura waliletewa orodha moja tu yenye majina 420, waikubali au waikatae yote kwa pamoja. Mwaka 1975 hata karatasi hazikutumika: wagombea walisomwa hadharani na watu wakapiga makofi. Mwaka 1977 Mobutu alilegeza kidogo, akaruhusu wagombea washindane ndani ya chama, na matokeo yake yalionekana mara moja. Makomisa wa kipindi hicho waliwaita mawaziri na kuwahoji mbele ya kamera kuhusu fedha zilizopotea, mpaka rais alipopunguza haki hiyo mwaka 1980. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo makomisa kumi na watatu, miongoni mwao Étienne Tshisekedi, walimwandikia barua ya wazi ya kurasa 52 wakiushtaki utawala wake. Walivuliwa viti vyao, wakakamatwa na kufukuziwa vijijini. Katika historia ya Bunge la Kongo ni vigumu kupata kazi ya wabunge iliyolipiwa kwa gharama kubwa zaidi, na haikuwa kura wala hoja; ilikuwa barua.

Kwa Goma, hata hivyo, sheria mbili za zama hizo zilikuwa nzito kuliko barua hiyo. Ya kwanza ni sheria nambari 72-002 ya 5 Januari 1972, iliyowapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wameshakaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Wakati huo mkuu wa ofisi ya rais alikuwa Barthélémy Bisengimana, mwenyewe mwenye asili ya Rwanda, na wapinzani wa sheria hiyo hawakuacha kulitaja jina lake. Bisengimana aliondoka madarakani 1977. Ya pili ni sheria nambari 81-002 ya 29 Juni 1981, ambayo Baraza la Kutunga Sheria liliipitisha ili kuifuta ile ya kwanza. Sasa mtu alitakiwa kuonyesha kwamba wazee wake walitoka katika kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Hakuna mkulima wa Masisi aliyekuwa na karatasi ya mwaka 1885. Kwa kikao kimoja cha Kinshasa, familia zilizolala zikiwa za raia ziliamka zikiwa za wageni, na zile zilizokuwapo Rutshuru kabla ya ukoloni ziliingizwa katika shaka hiyohiyo pamoja na waliohamishwa na Wabelgiji.

Matokeo yake yaliingia moja kwa moja katika uchaguzi. Katika miaka ya 1980 wagombea wenye asili ya Rwanda walikataliwa kwa hoja ya uraia, ingawa watu wao waliendelea kuitwa kupiga kura. Mbunge wa eneo hili hakuhesabiwa tena kwa shule au barabara alizoziombea; alihesabiwa kwa kabila lake na kwa upande aliokuwa katika suala moja. Mwezi Julai 1988 Kivu iligawanywa kuwa majimbo matatu, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mji ukapata heshima ya ofisi kubwa, na pamoja nayo ugomvi wote uliokuwa umetawanyika vijijini ukapata mahali pa kukutania.

Mobutu alipotangaza vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, wengi Goma walitumaini kwamba suala la uraia lingetatuliwa kwa mazungumzo. Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991–1992 ulilijadili bila kulimaliza. Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yakaenea Masisi. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Bunge la mpito, lililojulikana kwa herufi za HCR-PT, lilipeleka tume yake ya uchunguzi, na tarehe 28 Aprili 1995 likapitisha azimio lililowachanganya wakimbizi wa 1994 na jamii za zamani katika fungu moja la watu wa kurudishwa Rwanda. Azimio hilo ni mfano mbaya wa kazi ya bunge: lilipitishwa na watu waliokuwa mbali na moto, lakini waliounguzwa nalo walikuwa Masisi, Rutshuru na, upande wa kusini, Uvira. Mwaka uliofuata vita vilianza, na waasi wa AFDL waliingia Goma mwanzoni mwa Novemba 1996.

Kuanzia Agosti 1998 Goma yenyewe ilikuwa mji mkuu wa dola isiyotambuliwa. Kundi la waasi la RCD, lililojulikana baadaye kama RCD-Goma, lilitawala mashariki kutoka hapo, kwa msaada wa Rwanda, likiwa na idara zake na kodi zake. Wananchi hawakuchagua mwakilishi yeyote. Volkano ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya mji kwa lava tarehe 17 Januari 2002, hapakuwa na mbunge aliyechaguliwa na Goma ambaye angeweza kusimama Kinshasa na kuomba msaada kwa niaba ya watu wake.

Mkataba uliotiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002 ulileta bunge la mpito la wabunge 500 na maseneta 120, wote wakiteuliwa na makundi yaliyopigana na kuzungumza. RCD-Goma ilipata sehemu yake. Hapo ndipo silaha ya kiti kitupu ilipotumika kwa nguvu kuliko wakati wowote tangu 1960. Julai 2004, baada ya vita vya Bukavu, wabunge wanane wa RCD-Goma, Bizima Karaha akiwa miongoni mwao, waliacha vikao vya Kinshasa na kurudi Goma, wakidai kwamba mpito umekwama. Agosti, baada ya mauaji ya Gatumba nchini Burundi, makamu wa rais Azarias Ruberwa naye akiwa Goma alisimamisha ushiriki wa chama chake chote, kabla ya kurudi kwa usuluhishi wa Afrika Kusini. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilisubiri kuona kama wabunge hao wangerudi vitini.

Pamoja na misukosuko hiyo, bunge la mpito lilifanya kazi ambayo mabunge yaliyotangulia yalishindwa. Sheria nambari 04/024 ya 12 Novemba 2004 ilitambua kuwa Mkongo kila mtu wa jamii ambazo watu wake na ardhi yake viliunda nchi iliyokuwa Kongo wakati wa uhuru. Tarehe ya kupimia ilihama kutoka 1885 hadi 1960. Haikumaliza chuki, lakini iliondoa katika vitabu vya sheria shaka iliyokuwa imewekwa huko kwa kura ya 1981. Tarehe 13 Mei 2005 Bunge lilipitisha rasimu ya katiba, wananchi wakaikubali kwa kura ya maoni ya Desemba, na ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006.

Katiba hiyo ndiyo inayoongoza kazi ya mbunge hadi leo, na bila kuijua haiwezekani kupima rekodi yake kwa haki. Bunge la Taifa hukutana mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Juni, na kuanzia Septemba hadi Desemba, kikao cha pili kikiwa cha bajeti. Mbunge anaweza kumpelekea waziri swali la maandishi au la mdomo, kumwita ahojiwe, kuomba tume ya uchunguzi, au kutia sahihi hoja. Ili kuiangusha serikali nzima, hoja inahitaji sahihi za robo ya wabunge. Kwa waziri mmoja, sehemu ya kumi inatosha. Na kura haipigwi mpaka saa 48 zipite. Mbunge haamrishwi na waliomchagua: kifungu cha 101 kinasema anawakilisha taifa, na agizo lolote la kumfunga ni batili. Lakini akiacha chama chake kwa hiari anapoteza kiti, na akikosa bila ruhusa zaidi ya robo ya vikao vya muhula mmoja anapoteza kiti vilevile. Kwa hiyo kwenye karatasi mbunge yuko huru mbele ya watu wa Goma kuliko mbele ya mwenyekiti wa chama chake. Jambo hili linaeleza mengi ya yaliyofuata.

Kuhusu kura zenyewe, kifungu cha 120 kinataka sheria nzima ipigiwe kura kwa kuita majina, kila mbunge akijibu kwa sauti, ila kura inayohusu mtu huwa ya siri. Mijadala na nyaraka hutakiwa kuchapishwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Kama kanuni hiyo ingefuatwa mpaka mwisho wake, mkazi wa komini ya Karisimbi mjini Goma angeweza kusoma jina la mbunge wake na neno alilosema juu ya kila sheria. Kumbukumbu hizo hazipatikani kirahisi nje ya Kinshasa. Kinachofika Goma ni jumla ya ndiyo na hapana, na vipande vya hotuba ambavyo Redio Okapi na redio za mji huvirusha. Ndiyo maana kwa miaka mingi mbunge alijulikana kwa sauti yake hewani zaidi ya kura yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 taasisi ya utafiti ya Ebuteli imeanza kuhesabu shughuli za wabunge kwa mradi wake uitwao Talatala: nani aliuliza nini, hoja ipi ilijadiliwa, ipi ililala mezani. Ni kazi ambayo Bunge lenyewe lingepaswa kuwa limeshaifanya.

Uchaguzi wa 30 Julai 2006 uliipa Kivu Kaskazini viti 48 kati ya 500. Januari 2007 wabunge wa jimbo, ambao walikuwa wakikutana Goma kwenyewe, walimchagua Julien Paluku kuwa gavana. Sasa mji ulikuwa na wawakilishi wa ngazi mbili, walio karibu na walio mbali. Muda si mrefu nguvu za hao wa mbali zilipimwa. Januari 2009 askari wa Rwanda waliingia Kivu Kaskazini, kwa makubaliano ya marais wawili, katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Spika wa Bunge, Vital Kamerhe, mbunge wa Bukavu, alisema kupitia Redio Okapi kwamba hakuwa amearifiwa, na kwamba jambo hilo ni zito. Watu wa Goma walikuwa wameshawaona askari hao kwa macho yao. Chama chake mwenyewe na muungano wa walio wengi walimshinikiza, akajiuzulu tarehe 25 Machi, nafasi yake ikachukuliwa na Évariste Boshab. Swali lenyewe, la nani anaruhusu jeshi la kigeni kuingia nchini, halikupigiwa kura.

Mwaka 2013 zamu ilikuwa ya mbunge wa Goma. Muhindo Nzangi alichaguliwa 2011 kwa tiketi ya MSR, chama kilichokuwa ndani ya muungano wa rais. Kundi la waasi la M23 lilikuwa limeuteka mji tarehe 20 Novemba 2012 na kuuachia siku kumi na moja baadaye, na hasira dhidi ya serikali na dhidi ya askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwa bado mbichi. Agosti 2013 Nzangi alizungumza redioni Goma kuhusu vita hivyo kwa maneno makali. Alikamatwa kwa hoja kwamba amefumaniwa akitenda kosa, akapelekwa Kinshasa, na ndani ya siku mbili Mahakama Kuu ya Sheria ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu kwa kuhatarisha usalama wa taifa. Katiba inasema mbunge hashtakiwi kwa maoni au kura anazotoa akiwa kazini. Kesi ya Nzangi iliwaonyesha wenzake jinsi maneno "akiwa kazini" yanavyoweza kubanwa: ulinzi uliokuwa ukumbini haukumfuata mpaka studio ya redio ya mji wake. Baadaye alirudi katika siasa, na mwaka 2021 akawa waziri wa elimu ya juu.

Januari 2015 ulionekana uwezo wa barabara juu ya ukumbi. Tarehe 17 Bunge lilipitisha sheria ya uchaguzi iliyofungamanisha uchaguzi na sensa, jambo ambalo lingeweza kumwongezea Rais Joseph Kabila miaka madarakani. Upinzani ulikuwa umesusia, kwa hiyo sheria haikupata wa kuipinga ndani. Iliwapata nje, katika Kinshasa, Bukavu na Goma, ambako vijana wa LUCHA, harakati iliyoanzishwa mjini humo 2012, walikuwa wameshajifunza kuwadai viongozi kwa majina. Watu waliuawa katika maandamano hayo. Tarehe 23 Seneti ilibadilisha kifungu kilichozua ghasia, na siku mbili baadaye kifungu chenyewe kikaondolewa.

Bunge lililotokana na uchaguzi wa Desemba 2018 lilibadilika rangi katikati ya safari. Wabunge wengi walikuwa wa muungano wa Kabila. Kufikia 10 Desemba 2020 wengi wao walikuwa wameshahamia upande wa Rais Félix Tshisekedi, na ofisi ya spika Jeanine Mabunda ikaangushwa kwa kura 281 dhidi ya 200. Tarehe 27 Januari 2021 waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba aliondolewa kwa kura 367. Miongoni mwa wabunge wa Goma wa kipindi hicho walikuwamo Jean-Baptiste Kasekwa wa ECiDé, chama cha Martin Fayulu kilichobaki upinzani, na Josué Mufula. Kuhama huko kwa wingi ni vigumu kukusoma katika rekodi ya kura peke yake; mbunge yuleyule alisema ndiyo kwa serikali mbili zinazopingana, na kila mara alikuwa pamoja na walio wengi.

Lakini kulikuwa na kura ambayo mbunge wa Kivu Kaskazini hakuweza kuificha. Kuanzia 6 Mei 2021 rais aliweka utawala wa dharura wa kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri. Gavana Carly Nzanzu Kasivita alimpisha Luteni Jenerali Constant Ndima, bunge la jimbo la Goma likasimamishwa, na raia wakashtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Wabunge wengi wa mashariki walikuwa wameidai hatua kali dhidi ya mauaji, na mwanzoni waliiunga mkono. Kifungu cha 144 cha katiba kinatoa siku 30 tu. Baada ya hapo, kila nyongeza ya siku 15 inahitaji idhini ya Bunge na Seneti. Hivyo mara mbili kwa mwezi mswada uleule ulirudi, na mbunge wa Goma aliulizwa upya kama jimbo lake liendelee kutawaliwa na majenerali.

Mwezi wa Septemba na Oktoba 2021 kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge iliandaa ripoti ya tathmini iliyoonyesha kasoro nyingi: mauaji hayakupungua, fedha hazikuwafikia askari ipasavyo, mahakama zilielemewa. Wabunge wa Kivu Kaskazini na Ituri walianza kuzungumza kwa sauti moja, kitu adimu kwa watu waliogawanywa na kabila na chama kwa muda mrefu. Kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa wakisusia vikao vya kuongeza muda. Nyongeza ziliendelea kupita bila wao, kwa kura za wenzao wa Kasai, Equateur na Katanga, na Bunge lilipokuwa mapumzikoni serikali ilitumia sheria iliyoiruhusu kutunga sheria kwa amri. Hesabu ilikuwa rahisi na yenye uchungu: viti vya majimbo mawili yaliyozingirwa haviwezi kuushinda ukumbi wa viti 500, hata vikiwa na umoja kamili. Kususia kuliandika msimamo wao, lakini hakukubadilisha hata siku moja ya utawala huo. Wabunge wa jimbo waliokuwa Goma walikuwa na hali mbaya zaidi, kwa kuwa walibaki na cheo bila kikao. Agosti 2023 serikali iliitisha mkutano wa tathmini Kinshasa, na Oktoba rais akatangaza kulegeza utawala huo hatua kwa hatua.

Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 ulifanyika Goma, lakini Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita na M23, iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya wilaya hizo. Wakimbizi wa ndani waliotoka huko, waliojaa katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo kandokando ya mji, walitazama wenyeji wa Goma wakienda kuchagua. Oktoba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kijeshi ilikuwa imemhukumu kifo mbunge wa Masisi, Édouard Mwangachuchu, kwa tuhuma za kushirikiana na M23.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia tena Goma, na safari hii haikuondoka. Wabunge waliochaguliwa 2023 wakawa wawakilishi wa mji wasioweza kuukanyaga. Kanuni humtaka mbunge aende katika eneo lake wakati wa mapumziko, asikilize watu, kisha awasilishe ripoti. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na ofisi za serikali zikawa mikononi mwa utawala mwingine. Tarehe 22 Mei 2025 Seneti, kwa kura ya siri, ilimwondolea kinga Joseph Kabila, seneta wa maisha, aliyeshtakiwa kuiunga mkono M23: ndiyo 88, hapana 5, na watatu wakajizuia. Siku chache baada ya kura hiyo Kabila alionekana Goma, mji ambao wabunge wake wenyewe walikuwa hawawezi kuufika, na tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo.